Sonona Si Upungufu wa Imani: Funzo Kutoka Kaskazini mwa Uganda



Ndugu zangu wanafunzi, mwenzetu akiacha kuja darasani, akakosa usingizi na hamu ya chakula, hata swala ikawa nzito kwake, wengi humwambia neno moja: "Ongeza imani." Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, na jibu hilo nimelisikia mara nyingi. Tulipime kwa elimu.

Sonona ni ugonjwa, na wanazuoni wetu waliandika juu ya maradhi ya namna hii zamani. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alitunga kitabu kuhusu afya ya mwili na nafsi. Humo alitenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana na huzuni isiyo na sababu ya wazi, ambayo aliihusisha na hali ya mwili.

Katika zama zetu, tumtazame Profesa Etheldreda Nakimuli-Mpungu wa Chuo Kikuu cha Makerere, daktari na mtafiti wa magonjwa ya akili. Madaktari wa fani yake ni wachache, wagonjwa ni wengi. Kwa hiyo yeye na wenzake walibuni tiba ya vikundi kwa watu wanaoishi na VVU na wenye sonona. Wahudumu wa afya wa kawaida walifundishwa kuiongoza. Wanaume hukaa peke yao na wanawake peke yao, kwa vikao 8. Hueleza yanayowasibu, hujifunza kuyakabili, kisha hufundishwa stadi za kujipatia kipato, kwa sababu umaskini na sonona hulishana.

Tiba hiyo ilipimwa katika vituo 30 vya afya vya Gulu, Kitgum na Pader, maeneo yaliyoumizwa na vita vya miaka mingi. Walishiriki watu 1,140. Nusu ya vituo vilitoa tiba hiyo, vingine vilitoa elimu ya VVU kwa vikundi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: miezi 6 baada ya tiba, waliokuwa bado na sonona walikuwa 2 tu katika kundi la tiba, na 160 katika kundi la pili.

Tunajifunza nini?

Kwanza, sonona inatibika. Anayemlaumu mgonjwa humfanya afiche maradhi yake.

Pili, kusikiliza ni sehemu ya tiba, na watu wa kawaida wanaweza kufundishwa kuifanya. Jumuiya yetu inaweza kuomba mafunzo hayo kwa wataalamu.

Tatu, dua na tiba havigombani. Mwombee ndugu yako, kisha mshike mkono umpeleke kituo cha afya. Akitaja kujiua, usimwache peke yake. Mfikishe hospitali siku hiyo hiyo.

Wiki hii, mtafute yule ambaye hujamwona msikitini wala darasani. Muulize hali yake, halafu nyamaza umsikilize.