Maji Machachu Nyumbani

Sikieni, ninyi mnaokaa karibu na migodi ya Katanga. Maji yanaweza kung'aa kama kioo, na kumbe ni mabaya.

1. Uchachu unatoka wapi?
Mawe mengine ya mgodi yana kiberiti pamoja na chuma au shaba. Yakiisha kuvunjwa, hewa na mvua huyaingia, na kile kiberiti hugeuka kuwa asidi. Asidi hula mawe, hutoa shaba na risasi, na mvua hupeleka yote mtoni. Lakini mvua safi nayo ina uchachu kidogo. Katika kipimo cha pH, 7 ni katikati. Mvua safi ni karibu 5,6.

2. Namna ya kuyajua
Tazama kijito. Matope yakiwa mekundu kama kutu, mawe yakiwa na rangi ya kijani au buluu, samaki na vyura wakiisha kutoweka, usiteke hapo. Utasema: «Nitayachemsha.» Kuchemsha huua vijidudu tu. Maji hupungua, shaba hubaki yote, na maji huzidi kuwa mabaya. Shaba huleta tumbo na kutapika. Risasi huharibu akili ya mtoto. Afadhali mama atembee mbali mpaka kisima chema.

3. Namna ya kuyatengeneza
Dawa hii ni ya maji ya mvua au ya chemchemi yenye uchachu kidogo, mbali na mgodi. Tafuta mawe ya chokaa, kama yale ya Kakontwe, Likasi. Saga kidogo, tia maji ya ndimu: unga ukitoa povu, ndiyo chokaa. Vunja mawe yawe kama punje za mahindi, yaoshe, jaza chungu chenye tundu chini, upitishe maji polepole. Mawe yatalika, ongeza mengine. Kisha chemsha maji. Usitie chokaa iliyochomwa: huunguza kinywa. Maji mekundu usiyapitishe humo: kutu hufunika mawe, na shaba haiishi yote.

Maji machachu usiyaweke katika ndoo ya bati wala sufuria ya shaba, maana huvila. Mtungi wa udongo usiopakwa rangi ni bora.

Maulizo
1. Kwa nini moto hauondoi shaba?
2. Utajuaje jiwe la chokaa?
3. Kijito chenu kina rangi gani? Nendeni mkatazame.