SOMO: MGENI KANDO YA ZIWA KIVU

Ndugu wanafunzi, siku ya matembezi nilitupa chupa ya plastiki katika Ziwa Kivu, pale mbele ya hoteli. Mimi kapita, ninayewaadhibu wengine kwa karatasi kiwanjani! Mzee mmoja wa mtumbwi akaniuliza: «Kijana, ile chupa inaenda wapi?» Nilinyamaza. Sasa nimejifunza jibu, tulisome pamoja.

Maji ya Kivu yako na mlango mmoja tu wa kutokea: Mto Ruzizi, pale Bukavu. Mvua inashusha takataka za milimani mpaka ziwani, na ziwa linazipeleka Ruzizi. Pale iko baraji iliyojengwa wakati wa Wabelgiji. Plastiki inaziba njia ya maji, mashine zinasimama, kiisha umeme unakatika mjini. Mwanafunzi wa Bukavu anayesomea mtihani kwa taa ya petroli, pengine ni chupa yangu iliyomzimia.

Hoteli ifanye nini? Ichimbe vyoo mbali na maji. Ipande miti na matete ukingoni, yashike udongo. Inunue sambaza kwa wavuvi wasiovua na chandarua, maana chandarua kinakamata hata watoto wa samaki.

Na mgeni?
1. Chupa uliyokuja nayo, rudi nayo.
2. Usioge na sabuni ziwani. Chota maji, uoge mbali.
3. Usivunje matete, ndege wanajenga mule.

Jumamosi, kazi ya mikono: tutaokota plastiki kandokando ya ziwa. Kapita atatangulia.