Namna ya Kufasili Neno la Mtaani la Uingereza kwa Utani Bila Kupotosha Maana

Fasili ya utani ni fasili kwanza. Msomaji akicheka kisha akaenda kulitumia neno vibaya, kazi imeharibika. Tangu mwaka 1999, Aaron Peckham alipoanzisha Urban Dictionary akiwa mwanafunzi California, yeyote mwenye intaneti anaweza kutunga fasili na kuitoa hadharani. Nyingi zinachekesha kweli. Si zote zinazofundisha. Hatua zifuatazo ni 9. Zifuate kwa mpangilio, usiruke hata moja.

Vifaa: kalamu, kadi 4 za karatasi, simu yenye intaneti, kamusi 1 ya Kiingereza iliyochapishwa Uingereza, na mtu 1 ambaye hajawahi kulisikia neno husika. Mtu huyo ataitwa msikilizaji.

Istilahi: kidahizo ni neno linalofasiliwa. Kiini ni sehemu ya fasili inayotoa maana. Kichekesho ni sehemu ya fasili inayochekesha.

1. Chagua kidahizo 1. Hapa tutatumia "gutted". Acha neno linalodhalilisha rangi, dini au maumbile ya watu. Neno la namna hiyo lina haki ya kufasiliwa, lakini si kwa utani.

2. Kusanya ushahidi 3. Kwenye kila kadi kati ya kadi 3 za kwanza andika sentensi nzima yenye kidahizo, aina ya msemaji, na jambo alilokuwa akilizungumzia. Kapteni Francis Grose, aliyechapisha kamusi ya maneno ya mtaani London mwaka 1785, alikuwa akizunguka jiji usiku ili kuyasikia kwa masikio yake. Wewe anza na mahojiano ya wachezaji na mashabiki baada ya timu yao kufungwa. "Gutted" haikosekani humo. Hakiki: wasemaji wawe 3 tofauti. Watu wawili wakirudia maneno ya video ileile, huo ni ushahidi 1.

3. Thibitisha nchi na rika. Nyuma ya kila kadi andika nchi, mji ukijulikana, na rika la msemaji. Hatua hii inaonekana ndogo, lakini ndipo fasili nyingi zinapovunjikia. Mtu aliye "pissed" London amelewa. Aliye "pissed" New York amekasirika. "Pants" ni suruali Marekani, chupi Uingereza, na mtaani Uingereza ni kitu kibovu. Kwa vijana wa London "bare" ni nyingi, ingawa kamusi ya shule itakuambia ni tupu, na "peak", ambayo kwingine ni kilele, kwao ni jambo baya. Matokeo ya mfano wetu: "gutted" ni ya Uingereza, ya rika zote, ya mazungumzo ya kawaida, haifai katika barua rasmi.

4. Tafuta asili ya kidahizo katika kamusi. Usiibuni. "Gutted" hueleza samaki au mnyama aliyetolewa matumbo, na kutoka hapo mtu anayejisikia hana kitu tumboni. Kuna maneno ambayo bila asili hayafasiliki. Mtu wa London akisema "have a butcher's" anakuambia utazame: "butcher's hook", ndoana ya bucha, ina kina sawa na "look", kisha neno la mwisho likadondoshwa. Fasili isiyotaja neno lililodondoshwa itamwacha msomaji akitafuta nyama. Asili isipopatikana, acha nafasi wazi uendelee.

5. Andika kiini kwenye kadi ya 4. Kisizidi maneno 12, kisiwe na utani, wala kisiwe na neno jingine la mtaani. Sharti la mwisho lina sababu. Mwaka 2015 Wamarekani waliuliza mtandaoni maana ya "cheeky Nando's", na Waingereza wakawajibu kwa maneno ya mtaani juu ya maneno ya mtaani. Waliojibu walifurahi, waliouliza walibaki gizani. Kiini kilikuwa chepesi: kwenda kula kuku wa Nando's na marafiki bila kupanga.

Kiini cha mfano wetu: mwenye kusikitika sana kwa kukosa jambo alilolitarajia. Hakiki: tafsiri sentensi za kadi 3, weka kiini mahali pa kidahizo. Sentensi hata 1 ikikataa, rudi hatua ya 2.

6. Ongeza kichekesho 1 baada ya kiini, kamwe si kabla yake. Tunga 5, uchague 1. Usitie chumvi ya jumla. "Huzuni kubwa kuliko zote duniani" haichekeshi mtu. Tumia kitu mahususi: dalili, kipimo, mahali au saa. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755, alipofika kwenye neno "oats" alitaja ni nafaka, akataja mnyama anayelishwa nayo Uingereza, kisha akataja kwamba Scotland ni chakula cha watu. Hakuongeza neno. Utani wote umo katika kuweka mambo mawili ya kweli katika sentensi moja.

Fasili yetu sasa inasomeka hivi:

Gutted: mwenye kusikitika sana kwa kukosa jambo alilolitarajia. Hupimwa kwa mikwaju ya penalti: uliokoswa 1 ni majonzi, iliyokoswa 3 ni Uingereza ya tarehe 11 Julai 2021.

Hakiki mambo mawili. Kwanza, ukweli: siku hiyo, fainali ya Ulaya uwanjani Wembley, Uingereza ilikosa mikwaju 3 na Italia ikatwaa kombe. Pili, mlengwa: kichekesho kicheke hali, kisimcheke mtu. Wachezaji waliokosa walitukanwa kwa rangi yao baada ya mechi ile, kwa hiyo majina yao hayamo na yasitiwe.

7. Tunga mfano 1 wa matumizi kwa Kiingereza, usiozidi maneno 10, usio na utani: "She was gutted to miss the last train."

8. Msomee msikilizaji kadi ya 4 mara 1, kwa sauti ya kawaida. Usieleze chochote. Mwombe atunge sentensi 2 zenye kidahizo. Akicheka lakini sentensi zikawa na kosa, rudi hatua ya 5. Sentensi zikiwa sahihi lakini hakucheka, rudi hatua ya 6. Akitimiza yote mawili, fasili imepita.

9. Andika tarehe kwenye kadi ya 4, kisha itoe fasili kwa wasomaji. Maneno haya husogea haraka: "omnishambles" ilisikika mwaka 2009 katika tamthilia ya televisheni "The Thick of It", na kufikia mwaka 2012 wachapishaji wa kamusi za Oxford walikuwa wameitangaza neno la mwaka Uingereza. Baada ya miezi 12 rudia hatua ya 2 na ya 3 kwa kadi mpya. Maana ikiwa imebadilika, andika kiini upya na uanze tena kutoka hatua ya 5.