SOMO LA ROBO HII: MOSHI, UMASKINI NA MAPAFU YETU



Somo la toleo hili linahusu pumzi. Kitabu cha Mwanzo kinatufundisha kwamba mtu alipata uhai pale Mungu alipompulizia pumzi. Basi kuilinda pumzi ya jirani ni utume, sawa na kumchimbia kisima.

Ugonjwa wenyewe

Ugonjwa sugu wa mapafu huja polepole. Moshi huunguza njia za hewa mwaka hadi mwaka, nazo huvimba, hujaa makohozi na kuwa nyembamba. Mgonjwa hukohoa, kifua humbana, mwishowe hushindwa kupanda kilima alichokizoea. Mapafu yaliyoharibika hayarudi kama zamani, lakini ugonjwa unaweza kupunguzwa kasi. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, uliua watu wapatao milioni 3.5 mwaka 2021. Nchini kwetu, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu watu wa Mlandizi, mkoani Pwani, wenye umri wa miaka 35 na zaidi, ulikuta asilimia 17.5 wanao.

Moshi wa Songea unatoka wapi?

1. Sigara, msokoto na kiko. Katika nchi tajiri uvutaji ndio chanzo cha zaidi ya asilimia 70 ya ugonjwa huu. Katika nchi kama yetu ni asilimia 30 hadi 40. Kwa hiyo kuhubiri dhidi ya sigara peke yake hakutoshi.

2. Jikoni. Mama hupikia kuni, mtoto akiwa mgongoni. Baridi ya Juni na Julai ikija, mlango hufungwa na familia nzima huota moto humo humo.

3. Bani. Wakulima wa Songea na Namtumbo wanajulikana kwa tumbaku ya moshi, na ushirika wa Wangoni na Wamatengo uliiuza tangu miaka ya 1930. Majani hutundikwa ndani ya bani, moto wa kuni ukiwaka chini yake. Anayechochea moto huo huvuta moshi hata kama hajawahi kushika sigara.

Umaskini unaingiaje?

Kuni huokotwa, gesi hununuliwa. Sigara huuzwa moja moja, hata asiye na fedha ya chumvi ya wiki huipata. Mkulima aliyekopa pembejeo hawezi kuacha tumbaku katikati ya msimu. Akiugua, nguvu za kulima humwisha, mahindi hupungua, na nauli ya hospitali hukosekana. Tusikwepe ukweli: ada za shule na hata zaka za vigango vyetu zimetoka kwenye tumbaku. Kwa hiyo mkulima asihukumiwe. Asaidiwe kupata njia nyingine.

Kamati ifanye nini?

- Anayekohoa wiki 2 au zaidi apelekwe kituo cha afya apimwe kifua kikuu. Asipokutwa nacho, asirudishwe nyumbani na dawa ya kikohozi tu. Aombe mapafu yapimwe.
- Mvutaji asaidiwe kuacha. Hata aliyeanza kuugua hufaidika akiacha.
- Wanajumuiya washirikiane kutengeneza majiko banifu, kupanua madirisha na kukausha kuni kabla ya kupikia.
- Watoto wasichochee moto wa bani. Wenye maduka wakumbushwe kwamba sheria ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia sigara mtoto chini ya miaka 18.

Kwa wafadhili wetu: dawa ya kuvuta kwa mdomo inahitajika kila siku, siyo mara moja. Msaada mdogo unaofika kila mwezi una faida kuliko mkubwa unaokuja mara moja na kukoma.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika jumuiya yetu, nani haji tena kanisani kwa sababu ya kukosa pumzi?
2. Ni nyumba ngapi zinapika ndani bila dirisha?
3. Tunaweza kulima zao gani badala ya tumbaku, na nani atalinunua?

Majibu yaandikwe na katibu na kuletwa katika kikao kijacho. Mungu awabariki.