Somo: Kompyuta inalala jioni, asubui kazi imepotea



Tuchukue mufano wa koperative moja ya kahawa kandokando ya ziwa Kivu, mu wakati wa mavuno. Kahawa nyekundu inapaswa kumenywa siku ile ile, haingoje kesho. Kwa hiyo wakulima wanafika na mizigo paka mangaribi, na karani anaandika kilo za kila mutu mu kompyuta. Saa mbili ya usiku amechoka. Anafunika kompyuta bila kuizima, anaenda kulala. Asubui anaifungua: ekrani nyeusi. Anabonyeza kitufe, mashini inaanza tangu mwanzo, na liste ya jana haiko. Mama mumoja anasema: « Mimi nilileta kilo 42. » Karani anakumbuka 34. Nani ataamua? Hapo ubaya wa mashini umeingia kati ya watu.

Mu somo hili tutaona juu ya nini kompyuta inaweza kufa wakati imelala, namna ya kutafuta sababu, na namna ya kuchunga kazi ya wakulima.

1. Kulala si kuzimika

Ukifunika kompyuta, mara nyingi haizimike, inalala tu. Kwenye ekrani ya Kifaransa hali hiyo inaitwa « veille ». Kazi yako inabaki mu memwari ya muda, na memwari ile inaomba umeme kidogo usiku kucha. Ni kama makaa uliyofunika na majivu: yanashika moto paka asubui, lakini maji yakiingia, unakuta majivu matupu. Umeme ukiisha, yote ambayo haukuandika ku disiki inapotea.

Iko hali ingine, « veille prolongée ». Hapo mashini inaandika kwanza kazi yote ku disiki, kisha inazimika. Inachelewa kidogo kuamuka, lakini hata batri ikiisha, kazi iko.

2. Angalia dalili

A. Mashini inaanza tangu mwanzo, na batri iko karibu sifuri. Tatizo ni umeme. Mu biro nyingi za kijijini umeme unatoka ku pano ya jua. Usiku, batri kubwa ikishuka sana, konvertiseri inakata umeme yenyewe ili kuichunga. Kompyuta inabaki na batri yake ndogo. Kama batri ile imezeeka, haifike asubui.

B. Taa inawaka ao ventilateri inazunguka, lakini ekrani inabaki nyeusi. Mara nyingi sababu ni « pilote », ni kusema programu ndogo inayoongoza ekrani, Wi-Fi ao kifaa kingine. Imeshindwa kuamusha kifaa chake.

C. Unaitoa mu sakosi na iko moto sana. Haikulala kabisa, ao iliamuka ndani ya sakosi. Fasi isiyo na hewa, joto linapanda paka mashini inajizima.

3. Tafuta sababu, hatua kwa hatua

Fanya kazi hii muchana, wakati umeme uko muzuri. Chunga kwanza faili zote ku kle USB, kisha uitoe. Badilisha kitu kimoja tu kila mara. Ukibadilisha vitu vitatu pamoja, hautajua ni kipi kilisaidia.

Hatua ya 1. Toa kila kitu kilichochomekwa: panya, modemu, imprimanti. Acha shajeri tu.

Hatua ya 2. Fungua ukurasa mumoja usio na kazi ya lazima. Lalisha mashini saa moja ikiwa ku shajeri, kisha uiamushe. Ikiamuka muzuri, rudisha vifaa kimoja kimoja, ukifanya tena jaribio kila mara. Kile kinacholeta tatizo utakiona.

Hatua ya 3. Fanya jaribio lile lile bila shajeri. Andika asilimia ya batri mbele ya kulala na kisha ya kulala. Ikishuka sana kwa saa moja tu, umepata jibu: haiwezi kumaliza usiku.

Hatua ya 4. Kwa mashini za Windows, fungua « Invite de commandes », andika powercfg /batteryreport kisha bonyeza Entrée. Mashini itatengeneza raporo na kukuonyesha fasi imeiweka. Mule utaona uwezo ambao batri ilitoka nao ku fabriki, na uwezo wake wa leo. Kama wa leo haufike nusu, batri imechoka.

Hatua ya 5. Kama inakufa hata ikiwa ku shajeri na bila kifaa kingine, usilaumu batri. Siku mutu anapeleka mashini fasi yenye intaneti, afanye « mises à jour » za Windows na kutafuta pilote mupya ku tovuti ya fabriki ya mashini ile. Kama haisaidie, tumia « Diagnostic de mémoire Windows » kupima memwari. Ikionyesha makosa, hapo ni kazi ya fundi.

Ekrani ikibaki nyeusi kabisa, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 10 hivi paka mashini izimike, kisha uiwashe tena. Ukifungua Excel, inaweza kukuonyesha faili ambayo ilijichungia yenyewe. Iangalie muzuri mbele ya kuifunga.

ANGALISHO: Kama batri imevimba, ao kompyuta haifungike tena vizuri, zima na toa shajeri. Usiitoboe, usiifinye. Inaweza kushika moto.

4. Rekebisha leo, bila feza

Ingia mu « Panneau de configuration », kisha « Options d'alimentation », kisha « Choisir l'action qui suit la fermeture du capot ». Upande wa batri, chagua veille prolongée. Kama neno lile haliko, fungua « Invite de commandes » kama administrateri, andika powercfg /hibernate on, kisha angalia tena. Hali hii inaomba nafasi ku disiki. Disiki ikijaa, futa filme na miziki mbele ya kufuta faili za koperative.

Na wakati siku imeisha, zima kabisa. Kulala ni kwa mapumziko ya chakula, si kwa usiku. Mbele ya kuiweka mu sakosi pia, zima.

5. Kitabu kwanza, kompyuta kisha

Hata mashini mupya inaweza kufa. Kwa hiyo kilo ziandikwe kwanza mu kitabu, mbele ya macho ya mukulima, ku mizani. Mukulima apate risiti. Kisha karani anaingiza mu kompyuta, anabonyeza Ctrl na S kila kisha ya mukulima mumoja, na jioni anachukua kopi ku kle USB ambayo haibaki mu biro ile ile. Kama ingekuwa hivyo, yule mama wa kilo 42 angeonyesha risiti yake, na maneno yangeishia pale.

Maswali ya mukutano

- Kompyuta yetu ikikufa usiku huu, tutapoteza kazi ya siku ngapi?
- Nani anachunga kle USB, na anaichunga wapi?
- Ni lini mara ya mwisho tulilinganisha kitabu na kompyuta?

Mukikosa jibu la swali la kwanza, muanze nalo. Kazi ya kulinganisha kitabu na mashini inaweza kuchukua mangaribi moja. Kuwarudishia wakulima imani yao kunachukua musimu muzima, na wakati mwingine hairudi.