Grace Ogot Jukwaani: Uhuru wa Mwandishi wa Kike katika Tamthilia ya Kiwasifu

Tamthilia ya kiwasifu ni utungo wa kuigizwa unaojengwa juu ya maisha ya mtu aliyepata kuishi. Katika Kiswahili, utanzu huu umeelekea kuwapendelea mashujaa wa vita: Kinjeketile wa Ebrahim Hussein (1969), na Kimathi wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo, aliyefasiriwa katika Mzalendo Kimathi. Mwanamke mwandishi ni mhusika mgumu zaidi. Silaha yake ni kalamu, na mtu aliyeinamia karatasi hana mengi ya kutazamwa.

Chukulia kikundi cha wanafunzi wa mtaa wa Kaloleni, Kisumu, kinachokusudia kuigiza maisha ya Grace Ogot (1930–2015). Malighafi ni tele, hasa katika tawasifu yake, Days of My Life (2012), iliyochapishwa papo hapo Kisumu. Alizaliwa Asembo, akasoma Ng'iya na Butere, akasomea uuguzi Uganda na London, akaandika na kutangaza katika BBC. Mwaka 1985 alishinda kiti cha ubunge cha Gem. Mtunzi akiyatia yote hayo atapata orodha ya vyeo, si tamthilia.

Mgogoro basi uko wapi? Jibu la haraka ni mume dhalimu, kwa kuwa filamu nyingi za aina hii zimelizoea. Kwa Ogot, jibu hilo litakuwa uzushi. Mumewe, mwanahistoria Bethwell Ogot, waliyeoana mwaka 1959, ndiye aliyemhimiza aandike. Mgogoro ulikuwa mezani pa mchapishaji. Alipopeleka hadithi zake East African Literature Bureau, meneja hakuelewa vipi mwanamke Mkristo aandike habari za kafara na dawa za jadi. Hapa pana onyesho zima: muuguzi aliyehitimu London, ameketi mbele ya meza, akitakiwa kuyakana masimulizi aliyorithi kwa nyanya yake.

Hadithi yenyewe inaweza kuingizwa ndani ya tamthilia. Mwaka 1962 aliisoma "A Year of Sacrifice" katika mkutano wa waandishi Makerere. Baadaye ikajulikana kama "The Rain Came". Oganda, binti wa mtemi, anatolewa kafara kwa dubwana la ziwani ili mvua inyeshe. Mpenzi wake Osinda anamwokoa, na mvua inanyesha vilevile. Mwigizaji mmoja akicheza Grace na Oganda, hadhira itaelewa bila kuelezwa. Ila mtunzi asisahau Nyapol wa The Promised Land (1966), anayepinga kuhamia Tanganyika na bado anamfuata mumewe. Ogot hakuwagawia wahusika wake uhuru kwa urahisi.

Suala la lugha ni zito pia. Baada ya kupata jina kwa Kiingereza, Ogot aligeukia Dholuo. Miaha ilitoka mwaka 1983, na tafsiri ya Okoth Okombo kwa Kiingereza ikafuata mwaka 1989. Kwa hadhira ya Kaloleni, mazungumzo yanaweza kuwa ya Kiswahili na masimulizi ya nyanya yakabaki katika Dholuo, pasipo mkalimani. Onyesho la mwisho nalo lisiwe bungeni. Liwe la mwanamke huyo akiandika ukurasa wa kwanza wa Miaha, huku sauti ya nyanya ikisikika kutoka nyuma ya pazia, nusu neno mbele ya kalamu.