Kumdhania Vibaya Aliyesilimu



Miongoni mwa maneno yaliyozoeleka katika miji yetu ya pwani ni haya: "Huyu kasilimu kwa ajili ya mke." Husemwa barazani, husemwa arusini, na siku hizi huandikwa katika simu yakafika Lamu na Vanga kabla mwenyewe hajajifunza kutawadha. Asemaye hana alilolishuhudia. Ameona mtu wa bara amebadili jina na anaoa, basi amekwisha jua kilichomo kifuani mwake!

Jambo hili si dogo katika dini. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya Usama bin Zaid, ambaye Mtume (S.A.W.) alimpenda mno. Alitumwa pamoja na jeshi kwenda Huraka, kwa watu wa kabila la Juhaina. Yeye na mtu wa Ansari wakamfikia adui mmoja, naye alipoona amezidiwa akatamka La ilaha illa Llah. Yule Ansari akajizuia. Usama akamchoma mkuki, akafa. Walipofika Madina Usama alitoa udhuru kwamba mtu yule alitamka kwa kuogopa silaha. Udhuru huu una nguvu kuliko wowote tutoao sisi barazani, maana mkuki ulikuwa mbele ya macho yake. Hata hivyo Mtume hakuukubali. Alimwuliza kama aliupasua moyo wa mtu yule akajua, na akairudia lawama hata Usama akatamani lau angesilimu siku ile tu. Na katika Suratun Nisaa, aya ya 94, tumekatazwa kumwambia atupaye salamu kuwa yeye si muumini.

Dhana hii haikomei ulimini. Mtu amesilimu miaka ishirini, amesoma, na Kurani aijua. Hata hivyo imamu akikosekana hutafutwa mwenye ukoo, yeye akaachwa safuni. Lakini Muhajirina wa mwanzo walipokuwa Kuba, kabla ya kufika Mtume, aliyewasalisha ni Salim, mtumwa aliyeachwa huru, kwa kuwa aliihifadhi Kurani kuliko wao.

Patakuwa na wa kusema: "Mbona wengine huoa kisha wakarudi walikotoka?" Ni kweli, wapo. Na waliozaliwa Waislamu wasioonekana msikitini ila kwa jeneza, wao twawaita nani?

Wala hatusemi mzazi amwoze binti yake bila kuuliza. Na aulize: mposaji asali? Kazi yake ni ya halali? Ana mke mwingine? Majirani zake wamsemaje? Maswali haya yana majibu yanayoonekana, na mposaji mwenye baba na babu Waislamu naye aulizwe yayo hayo, kwa ukali ule ule.